Sukari Yako Leo Ni Ngapi?

Ukipita Liwatoni wakati watu wanapotoka kusali alasiri, utawakuta wazee wameketi barazani na kahawa yao chungu. Zamani mazungumzo yao yalikuwa ya meli zilizotia nanga Kilindini na bei ya samaki. Siku hizi liko swali jingine, nalo huulizwa hata kabla ya hali ya wajukuu: "Wewe leo ngapi?"

Wanaulizana sukari. Juma moja nilikuwapo mzee mmoja aliposema kwa fahari, "Nane nukta mbili." Mwenzake akainama, akajibu polepole, "Mia moja na arobaini." Baraza likawa kimya. Mmoja alianza kumwombea dua pale pale.

Kumbe huyo wa mia moja na arobaini ndiye aliyekuwa na sukari ya chini! Mashine yake aliletewa na binti yake aliyeko Dubai, nayo ilihesabu kwa kipimo tofauti. Hapa Kenya hospitali hupima sukari ya damu kwa milimoli kwa lita. India, ambako watu wengi wa Mombasa huenda kutibiwa, na vile vile Misri na Marekani, hupima kwa miligramu kwa desilita. Mpe mtoto wa shule hesabu hii: gawanya namba hiyo kubwa kwa 18. Mia moja na arobaini itakuwa 7.8. Kwenye kioo cha mashine yako mna herufi ndogo, mmol/L au mg/dL. Zisome leo, na ukimpigia daktari simu mtajie namba pamoja na herufi zake.

Basi tuseme mshindi ni wa 7.8? Ngoja kwanza. Nilipowauliza walijipima saa ngapi, wa 7.8 alisema alijipima alfajiri kabla ya kutia kitu kinywani. Wa 8.2 alikuwa amekula mahamri mawili kwa mbaazi, akajipima saa mbili baadaye. Sasa mambo yakageuka tena. Kwa mtu mzima mwenye kisukari, asiye mjamzito, Chama cha Kisukari cha Marekani kinapendekeza sukari iwe kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na isifike 10 saa moja hadi mbili tangu alipoanza kula. Kwa hiyo mtu wa mahamri yumo ndani ya mpaka, na aliyeamka na 7.8 amevuka kidogo. Namba isiyo na saa yake haina maana.

Tena wasijivuniane sana. Hata mashine nzuri za nyumbani huruhusiwa kutofautiana na maabara kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo hiyo 8.2 huenda ilikuwa 7 au 9.4. Na ukijipima vidole vikiwa vinanata embe au halua, mashine itakupimia sukari ya embe. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe vizuri, ndipo udunge.

Hayo ni ya kuchekesha, lakini liko jambo ambalo halichekeshi. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye sote humwita Ami, ana umri unaopita miaka sabini na anatumia vidonge vya glibenklamidi. Mwaka wa 2021, daraja la kuelea la waendao kwa miguu kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, Likoni, lilikuwa limefunguliwa karibuni. Asubuhi moja alitakiwa kuvuka kwenda maziko ng'ambo. Alijipima akaona 9.4. Mwanawe, kijana msomi aliyekuwa akimpenda sana babake, alikuwa amesoma mahali kwamba sukari ya mtu akiamka haipasi kupita 5.6. "Baba, hii imepanda mno. Leo usile mkate." Ami akatii. Alimeza kidonge chake, akanywa chai kavu, akashika njia kwa miguu.

Daraja hilo halikuwa fupi. Alipofika karibu na mwisho wake alikuwa anatetemeka, kanzu imelowa jasho, na anagombana na kila aliyemshika mkono. Watu walidhani ana wazimu, wengine walisema ni pepo. Mama mmoja muuza vitafunio ndiye aliyeelewa, kwa kuwa mumewe pia ana kisukari. Alimlazimisha kunywa soda. Alipopimwa zahanati baada ya soda hiyo, sukari ilikuwa bado 3.1.

Kijana hakusema uongo. Kosa lake ni kwamba 5.6 ni kipimo cha mtu ambaye hana kisukari. Si shabaha ya mzee anayemeza kidonge chenye nguvu ya kuteremsha sukari kwa muda mrefu, na kidonge hicho hakijui kama umekula au hukula. Sukari iliyo juu kiasi huharibu macho, figo na miguu kwa miaka. Iliyo chini ya 4 inaweza kukuangusha katika dakika chache.

Wataalamu nao walijifunza hivyo kwa gharama kubwa. Mwaka wa 1998 utafiti wa Uingereza, uliowafuata wagonjwa zaidi ya 5,000 waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha ukubwani, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari hupunguza madhara ya macho na figo. Wengi wakawaza: kama kushusha ni kuzuri, kushusha zaidi si kutakuwa bora zaidi? Huko Marekani na Kanada wakawachukua watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha muda mrefu na hatari ya maradhi ya moyo, nusu yao wakashushwa karibu na kiwango cha mtu mzima wa afya. Mwezi wa Februari 2008 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliokuwa wakishushwa sana walikuwa wakifa zaidi ya wenzao.

Ndiyo maana daktari wako hukupa shabaha yako wewe, si ya jirani. Kuna kipimo cha HbA1c, ambacho wengi hukiita cha miezi mitatu, kwa kuwa huonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita na hakidanganywi na mtu aliyefunga mdomo siku moja kabla ya kwenda kliniki. (Najua wako.) Kwa watu wazima wengi hutakiwa kiwe chini ya asilimia 7, ambayo ni sawa na wastani wa 8.6 kwenye mashine. Kwa mzee kama Ami, mwenye maradhi mengine na aliyekwisha kuanguka mara moja, daktari anaweza kuridhika na asilimia 8. Mama mjamzito naye shabaha zake ni za chini zaidi: kabla ya kula isifike 5.3, na saa mbili baadaye isifike 6.7. Huyo asiongozwe na namba za babu yake hata kidogo.

Ukimwona mgonjwa wa kisukari anatoka jasho, anatetemeka au amekuwa mkali ghafla, mpime ukiweza. Ikiwa chini ya 4, au mashine haipo, mpe vijiko vitatu hadi vinne vidogo vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Halua usimpe, maana samli yake huichelewesha sukari kuingia katika damu. Ngoja dakika 15, mpime tena, na akipata nafuu ale chakula. Aliyezimia usimtie chochote kinywani. Mkimbize hospitali.

Na kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi kuhusu mwezi wa Ramadhani: wanazuoni na madaktari walioandika miongozo wanasema kujipima kwa kudunga kidole hakubatilishi saumu. Madaktari hao wanataka mgonjwa afungue mara moja ikiwa sukari iko chini ya 3.9 au imepita 16.6, hata kama adhana ya magharibi imebakia nusu saa. Vidonge na sindano huenda vikahitaji kubadilishwa saa na kiasi. Kwa hiyo mwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, na uchukue kijitabu ulimoandika kila namba, saa uliyojipima, na ulichokula.