KIPYA KINYEMI INGAWA KIDONDA

Wahenga hawakukosea. Leo nataka tuupime usemi wao huo katika jambo ambalo wengi wetu tumelionea katika sinema tu: bangili anayofungwa mhalifu mguuni ili serikali ijue aliko bila ya kumtia gerezani. Zipo za kale na zipo za kisasa. Ukiuliza ipi bora, utajibiwa papo hapo, "Ya kisasa, bila shaka!" Mimi nasema, hebu tusikimbilie.

Tuanze na ya kale. Mwaka wa 1983, mjini Albuquerque, Marekani, jaji Jack Love aliamuru mhalifu avishwe bangili hiyo. Inasemekana wazo lenyewe alilitoa katika katuni ya Spider-Man! Bangili ilitoa mawimbi ya redio, na kisanduku kilichounganishwa na simu ya nyumbani kikayapokea. Jamaa akitoka, kisanduku kinaarifu kituoni. Basi. Kilijibu swali moja tu: yuko nyumbani au hayuko? Kama ameenda kazini au ameenda kuiba, hakijui.

Ya kisasa hutumia GPS. Wengi hudhani setilaiti humchungulia mtu kutoka angani. La hasha! Setilaiti hutuma ishara tu. Bangili ndiyo huzipokea, ikapiga hesabu ya mahali ilipo, kisha ikapeleka habari kwa mtandao wa simu za mkononi. Hadi Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia, hata kosa likaweza kufika mita 100 hivi. Isitoshe, vifaa vya GPS vya mwanzo vilikuwa viwili: kimoja mguuni, kingine cha kubeba. Leo vyote vimo mguuni.

Faida yake siikatai. Mume aliyempiga mkewe akikatazwa kuikaribia nyumba ya mke huyo, bangili ya GPS inaweza kupiga kengele kituoni mara tu anapovuka mpaka. Ya kale haiwezi kabisa. Hapo naivulia kofia.

Lakini kila chema kina gharama. Betri ya bangili ya redio hudumu miezi mingi. Ya GPS hutaka chaji kila siku, na mara nyingi mtu hukaa karibu na ukuta saa nzima au zaidi kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ndani ya majengo makubwa ishara hupotea au hupotoka, hata aliyelala kitandani akaonekana yuko barabarani. Afisa naye huamshwa usiku kwa kengele ya bure. Mwaka wa 2022 makampuni makubwa ya simu ya Marekani yalipozima mtandao wa 3G, bangili zilizoutegemea zikawa hazina kazi. Na katika sehemu nyingi za nchi hiyo, mvaaji mwenyewe ndiye hulipia bangili. Maskini atazitoa wapi?

Zaidi ya hayo, GPS huandika kila kitu: hospitali uliyoenda, kanisa au msikiti, nyumba ya rafiki. Sasa mtu aliyeamriwa tu asitoke usiku, mchana wake wote unaandikwa wa nini? Kwa maoni yangu, chombo kifuate hukumu, si hukumu ifuate chombo. Wa kukaa nyumbani usiku apewe ya redio. Wa kukatazwa mahali fulani apewe ya GPS. Si ndoto hii: Uingereza ilianza na za redio kwa wafungwa waliotolewa mapema mwaka wa 1999, na mpaka leo hutumia aina zote mbili.

Tena tusisahau kuwa bangili, mpya au kuukuu, huona mguu tu, moyo haiuoni. Hapa kwetu Kenya, sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 humruhusu mwenye kosa dogo kuwafanyia umma kazi badala ya kufungwa, chini ya macho ya afisa. Afisa huyo humjua kwa jina na humwonya. Hakuna bangili iliyowahi kumpa mtu mawaidha.

Kwa hivyo, enyi mawakili na wahandisi wa kesho, mtakapoletewa chombo kipya msiulize tu kinaona mbali kiasi gani. Ulizeni kinahitajika kuona nini. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwanachama, Kidato cha Tatu