Tunaambiwa tule mboga, lakini tutazipanda wapi?

Hakuna shauri tunalolitoa madaktari mara nyingi kuliko hili: kula mboga za majani. Mwenye kisukari huambiwa, mwenye shinikizo la damu huambiwa, na mama mja mzito aliyepungukiwa na damu huambiwa vilevile. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Ilhali uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 94 katika kila 100 nchini Kenya hawafikii kiwango hicho.

Si kwamba wananchi ni wabishi. Mkaazi wa Kibokoni au Majengo hununua mboga zilizosafirishwa kutoka Taita, bara na hata Tanzania. Gharama ya lori imo ndani ya kila fungu analolinunua Marikiti, na mvua ikikata barabara, fungu hupungua na bei hupanda. Mtu wa kibarua akipiga hesabu zake, unga hununuliwa kwanza na mboga hungoja.

Njia mojawapo ya kumsaidia ni apande mwenyewe. Lakini wapi? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika Mvita, yaani kisiwa chetu kisichofika kilomita mraba 15. Katika Mji wa Kale nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na wengi hawana hata ua. Ploti tupu zilizosalia kwingineko kisiwani huwa magorofa au mahali pa kuegesha magari, kwa kuwa huko ndiko kwenye pesa. Anayepata kipande cha kulima hukipata kwa kujuana, kwa maneno matupu bila karatasi. Bei ni ile aliyoamka nayo mwenye ploti, na siku mnunuzi akitokea, mchicha hung'olewa kabla haujachumwa.

Kukodi ardhi si jambo geni Mombasa. Vizazi kwa vizazi watu wa Majengo wamejenga nyumba juu ya viwanja vya wengine na kulipa kodi ya kiwanja. Ikiwa twajua kukodisha ardhi ya kujengea, mbona tushindwe na ya kupandia?

Wenzetu wamefanya hivyo. Uingereza ina sheria ya mwaka 1908 inayozitaka halmashauri ziwatafutie wananchi vishamba vya kukodi pale vinapohitajika. Kipande cha kawaida ni kama mita mraba 250, na katika miji mingi watu hungoja zamu kwa miaka. Kampala ilijiwekea kanuni za kilimo cha mjini mwaka 2006, na Kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria yake mwaka 2015. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kilimo, na kifungu cha 43 chatamka haki ya kila mtu ya kutokuwa na njaa.

Kwa maoni yangu, Kaunti ya Mombasa yafaa ianze na mambo matatu. Kwanza, iandike orodha ya vipande vya umma vilivyo wazi kisiwani na kuzungumza na shule, makanisa na Tume ya Wakf kuhusu ardhi zao. Viwanja vya michezo visiguswe, kwani watoto nao wana haki ya afya. Pili, igawe vipande vya mita 4 kwa 5. Nafasi ya magari 10 yaliyoegeshwa, bila kuhesabu njia ya kupitia, yatosha vishamba 6 vya namna hiyo. Tatu, kodi ijulikane na isizidi, tuseme, Sh300 kwa mwezi, kwa mkataba wa maandishi wa angalau miaka miwili. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne, lakini udongo wetu wa mawe ya matumbawe wahitaji samadi na subira. Hakuna atakayeulisha udongo ambao kesho ataondolewa.

Kishamba kama hicho hakitailisha familia mwaka mzima. Lakini mchicha, mnavu, matembele na mabenda vitafika mezani siku kadhaa za wiki. Na mgonjwa wa kisukari anayepalilia na kubeba maji atakuwa anapata mazoezi, nayo ni dawa nisiyoweza kumwandikia akainunue dukani.

Kama daktari, sina budi pia kuonya. Maji ya visima vilivyo karibu na vyoo yasitumiwe kwa mboga zinazoliwa mbichi, maana kipindupindu twakijua. Ndoo na mapipa yafunikwe, kwani mbu walioeneza homa ya dengue hapa mwaka 2013 na chikungunya mwaka 2018 huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Udongo wa karibu na gereji upimwe kwanza. Yaliyowafika wakaazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, yawe funzo kwetu.

Nawe msomaji, usikae kungoja. Gunia la udongo na samadi kwenye roshani lapokea miche mingi. Watu wa Kibera wamelima hivyo tangu mwaka 2008. Kisha kaunti itakapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nenda ukaulize: kati ya ardhi yote ya umma kisiwani, ni mita ngapi za kupanda mboga? Twasema daima kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kinga hii yahitaji mahali pa kuota.