Ujira wa fundi wa stima si wa dakika ishirini

Fundi wa stima akiitwa kubadilisha soketi iliyoungua, huenda akaimaliza kazi hiyo kwa dakika ishirini. Hapo ndipo mzozo huanza. Mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama, huuliza: "Kwani umefanya nini, fundi? Hata jasho hujatoa!" Kisha hutoa shilingi 300 na kujiona mkarimu. Fundi naye, kwa kuwa hakutaja bei alipofika, hukosa la kujibu. Huzipokea na kwenda zake akinung'unika.

Mzozo huu wa mlangoni wastahili kuangaliwa kwa makini kuliko tunavyouangalia. Mnamo 2015 serikali ilipunguza ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na tangu hapo nyumba nyingi mno za mashambani zimepata taa kwa mara ya kwanza. Nyumba iliyopata taa leo itataka soketi kesho, na hita ya bafuni mwaka ujao. Kazi hizi ndogo ndogo hazifanywi na makampuni makubwa. Hufanywa na vijana waliotoka vyuo vya ufundi, wanaojitafutia riziki wakiwa na mkoba wenye bisibisi, koleo na testa.

Natufanye hesabu, na mwalimu akipenda aipeleke darasani. Tuchukulie kijana mmoja anahitaji shilingi 30,000 kwa mwezi ili alipe kodi ya nyumba, ale na kuwalisha wanawe. Tuchukulie pia kwamba kazi yenyewe humgharimu shilingi 10,000: nauli, simu, leseni, vyombo vinavyochakaa. Jumla ni shilingi 40,000. Si kila siku huitwa. Siku nyingine huenda kutazama kazi ambayo hatimaye hupewa mwingine. Akipata siku 15 zenye kazi, na kila siku kazi ndogo mbili, hizo ni kazi 30. Gawanya: kila kazi yapaswa kumletea zaidi kidogo ya shilingi 1,330, bila kuhesabu bei ya vifaa. Kwa zile shilingi 300 za mlangoni angepata 9,000 kwa mwezi mzima, yaani hata gharama ya kazi yenyewe hajairudisha.

Mwalimu hana budi kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Je, angekubali kulipwa zile dakika 40 tu anazosimama mbele ya darasa, na saa za kuandaa somo na kusahihisha madaftari zihesabiwe kuwa si kitu? Fundi naye alisafiri, alitafuta hitilafu, na kabla ya hayo alisomea kazi yake kwa miaka.

Lakini dhuluma kwa fundi si nusu ya habari. Fundi aliyenyimwa ujira huutafuta kwingine, na kwingine kwenyewe ni dukani. Mwenye nyumba humpa fedha za kununulia waya. Fundi hununua waya mwembamba au wa bandia, na tofauti ya bei huitia mfukoni. Hivyo mteja amelipa ujira ule ule aliodhani ameukwepa, ila sasa ameulipa kwa waya mbovu uliofukiwa ukutani mwake. Chukua hita ya bafuni ya kilowati 5. Kwa umeme wa volti 240, hita hiyo hufyonza zaidi ya ampea 20. Waya wa milimita mraba 1.5, ambao kwa kawaida ni wa taa, haukukusudiwa kazi hiyo. Hupata joto ndani ya ukuta, mpira wake ukalainika, na siku moja moshi ukaonekana darini.

La hatari zaidi ni ule waya wa ardhini, wenye rangi ya kijani na manjano. Maji yatapata moto hata kama haukufungwa. Mteja hataona upungufu wowote, na kwa sababu hiyo ndio wa kwanza kuachwa pale bei inapobanwa. Kukosekana kwake hujulikana siku ambayo umeme umevuja, na mtu amesimama majini akishika mfereji wa chuma.

Sisemi kwamba mafundi hawana lawama. Wako wanaokadiria bei kwa kutazama mapazia na gari lililoegeshwa uani, na mteja aliyewahi kutendewa hivyo ana haki ya kumshuku kila fundi. Wako pia wanaofanya kazi bila leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, ilhali Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka. Hawa huweza kutaja bei ya chini kwa sababu hawana gharama hiyo, na humharibia soko mwenzao aliyefuata sheria.

Dawa yake ni karatasi moja. Kabla ya kufungua kifuniko cha soketi, fundi aandike ada ya kufika na kukagua, ujira wa kazi, na vifaa kando, kisha alete risiti ya duka. Akikuta nyaya zimeungua ndani, asimame, amweleze mwenyeji, wapatane upya. Mfumo wa 8-4-4 ulianzishwa 1985 kwa nia ya kumwezesha kijana kujitegemea, na mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio 2017, una nia iyo hiyo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, tungali twamsifu mwanafunzi aliyechora saketi vizuri bila kumuuliza angeitoza kiasi gani. Swali hilo laweza kuulizwa wiki hii, bila kungoja kitabu kipya.

Kuna watakaosema kwamba mjane wa kijijini hana shilingi 1,330 za soketi moja. Ni kweli. Basi na asimwite fundi kwa soketi moja. Angoje swichi inayolegea na taa inayowaka na kuzimika zitazamwe siku moja, mradi soketi iliyoungua isitumiwe kwa wakati huo. Majirani wawili wakimwita pamoja, nauli na muda wa njiani hugawanywa, na fundi aweza kushusha bei pasipo kupunguza unene wa waya.