Gari la theluji: tazama matairi kwanza

Iwapo una mtoto, ndugu au shemeji aliyehamia Minnesota, Massachusetts au kule Canada, basi ukifika mwezi wa Novemba simu yake haikosi habari za gari. Majira yake ya kwanza ya baridi alipanda basi, akavumilia. Sasa amepata kazi ya usiku katika makao ya kutunzia wazee, ana watoto wawili wa kupelekwa shuleni, na basi la mwisho hupita kabla zamu yake haijaisha. Anataka gari. Na kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa wake, au kwa kuwa umewahi kupambana na matope ya Kinangop, anataka maoni yako. Je, anunue ile stesheni wagoni ya familia inayosukumwa na magurudumu yote manne, ambayo kila mtu huko anamwambia ndiyo dawa ya theluji?

Usimjibu haraka. Muulize kwanza: ina matairi gani?

Najua swali hilo litamshangaza. Anakuuliza habari ya gari na wewe unamrudisha kwenye mpira. Lakini hebu tufikirie pamoja. Gari la kawaida hupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu mawili tu, aghalabu ya mbele. Magurudumu hayo yakikalia barafu huzunguka bure, na gari hubaki palepale kama punda aliyegoma. Gari la magurudumu yote, lile ambalo sisi hapa tunaliita fowili, hugawa nguvu hizo kwa magurudumu manne. Mawili yakikosa mshiko, mengine hulisukuma. Ndiyo maana linapanda kilima chenye theluji huku majirani wakiwa nje na sepeto. Hilo ni kweli na halina ubishi.

Sasa tazama upande wa pili. Kila gari, liwe la bei rahisi au la bei ghali, lina breki katika magurudumu yote manne. Unapokanyaga breki, nguvu za injini hazina kazi tena. Kinacholisimamisha gari ni mpira na barabara tu, basi. Ukikata kona ni vivyo hivyo. Kwa hiyo fowili hukusaidia kuondoka, lakini haikusaidii kusimama. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana dereva wa gari hilo huondoka kwenye taa bila taabu yoyote, akadhani barabara ni nzuri, akaongeza mwendo, kisha akifika kwenye taa za mbele anagundua kwamba barabara haikuwa nzuri hata kidogo. Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza huwaonya madereva kwamba juu ya barafu gari laweza kuhitaji umbali mara 10 zaidi ili kusimama. Mara 10! Pale ambapo ungesimama kwa urefu wa matatu mbili, sasa unahitaji urefu wa matatu 20.

Sisi tuliozoea matope huwa na kosa letu la pekee katika jambo hili. Ule udongo mweusi wa Embakasi ukinyeshewa, unataka tairi lenye meno makubwa lichimbe na kutema. Basi mtu hudhani kwamba tairi la theluji ni lile lile la matope. La hasha. Siri ya tairi la theluji imo katika mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za selsiasi, yaani hata kabla theluji haijaanguka. Kadiri baridi inavyozidi ndivyo unavyokuwa kama plastiki ya beseni, na plastiki juu ya barafu huteleza. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na uso wake umejaa mikato midogo midogo, myembamba, inayoishika barafu na theluji. Na kule si baridi ya Limuru. Tarehe 30 Januari, 2019, jiji la Minneapolis liliamkia nyuzi 33 chini ya sifuri.

Huko Marekani magari mengi huuzwa yakiwa na matairi yanayoitwa ya misimu yote. Jina ni tamu, lakini mengi ya hayo hufaa zaidi misimu mitatu. Mwambie ndugu yako atazame ubavuni mwa tairi. Akiona herufi M na S peke yake, hiyo ni ahadi ya mtengenezaji kwamba tairi lafaa matope na theluji, wala halikulazimika kupimwa. Anachokitafuta ni picha ndogo ya mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo ilianza kutumika mwaka wa 1999, na tairi huipata baada ya kujaribiwa juu ya theluji. Yako pia matairi ya kati yenye alama hiyo yanayoweza kukaa kwenye gari mwaka mzima. Hayalifikii lile la baridi hasa, lakini kwa mtu anayeishi fleti na hana pahali pa kuweka matairi mengine manne, si shauri baya.

Jimbo la Quebec huko Canada limemaliza ubishi huu kwa sheria. Tangu mwaka wa 2008 gari la abiria lililosajiliwa huko lazima livae matairi ya baridi, na sasa muda wake ni kutoka tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ukimwambia polisi wa Montreal kwamba lako ni la magurudumu yote manne, hiyo si hoja.

Matairi hayo yawe manne. Kuna wanaonunua mawili wakayafunga mbele, wakidhani wamebana matumizi. Basi mbele hushika na nyuma huteleza, na kwenye kona gari hugeuka likatazama lilikotoka. Tena mwambie apime kina cha meno. Serikali ya Canada hushauri kwamba tairi lililolika hadi karibu milimita 4 lisitumike kwenye theluji, hata kama bado laruhusiwa kwenye lami kavu.

Haya, matairi tumeyamaliza. Sasa tulirudie gari lenyewe.

Mimi naipenda stesheni wagoni kwa familia, na sijioni nimepitwa na wakati. Wazee wetu waliosafiri na Peugeot 404 na 504 kutoka Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu wanajua jinsi gari la aina hiyo linavyomeza watu, magunia na kuku na bado likashika barabara. Gari refu la chini halipepesuki kama jeep refu la juu unapolazimika kukwepa kitu ghafla. Nyuma kunaingia kigari cha mtoto, mabegi ya shule, sepeto, mfuko wa mchanga na mablanketi. Na mama aliyetoka zamu ya usiku hahitaji kupanda ngazi ili kumfunga mtoto kitini.

Wagoni ya fowili ilizaliwa kwa haja hasa, si kwa fahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilitaka gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya wakati wa theluji. Majeep yaliweza, lakini yalikuwa baridi na yenye kuchosha. Kutokana na ombi hilo Subaru ilitengeneza gari dogo la magurudumu yote, na mwaka wa 1972 ikatoa wagoni ya Leone ya fowili kwa wateja wa kawaida. Audi ikafuata na Quattro mwaka wa 1980. Katikati ya miaka ya 1990 Subaru ikaiinua wagoni ya Legacy kutoka ardhini ikaiita Outback, na Volvo nayo ikafanya hivyo kwa V70 mwaka wa 1997. Vijana wa Nairobi wanaomkumbuka Patrick Njiru akizikimbiza Subaru katika Safari Rally miaka hiyo watashangaa kusikia kwamba kule kwenye theluji gari hilo ni la walimu na wauguzi.

Katika kuchagua, ajihadhari na tofauti moja. Kuna fowili ya kuvuta rungu, iliyo katika pikapu nyingi. Ukiifunga, magurudumu ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka kwa kasi ile ile, na ukikata kona kwenye lami kavu mitambo huumia. Barabara ya Minnesota yaweza kuwa kavu hapa na barafu hatua 200 mbele, sasa atavuta na kurudisha mara ngapi? Outback na V70 nilizozitaja hujigawia nguvu zenyewe, dereva hana la kufanya. Hiyo ndiyo inayofaa mtu mwenye usingizi saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa kuwa bila shaka atanunua lililotumika, na ainame alitazame chini. Huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hula chuma. Bodi yaweza kung'aa kama kioo na huku chini mabomba ya breki yameoza. Alipeleke kwa fundi wake mwenyewe, asikubali fundi wa muuzaji, na liinuliwe juu. Atazame pia kama matairi manne ni ya aina moja na yamelika sawasawa. Hili katika fowili si suala la urembo. Tairi moja likiwa kubwa kuliko mengine, difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika mpaka ife, na kuibadilisha hugharimu fedha nyingi. Ndiyo maana wenye magari hayo wakipasukiwa na tairi moja huweza kulazimika kununua manne. Gharama hiyo aijue mapema. Na akionyeshwa Subaru ya zamani yenye injini ya lita 2.5, hasa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, aulize kama gasketi ya silinda hedi imewahi kubadilishwa, kwa sababu injini hizo zilijulikana kwa kuvuja hapo.

Sasa tuseme pesa hazitoshi, na mara nyingi hazitoshi. Mbele yake kuna wagoni ya fowili yenye matairi yaliyokwisha, na kando yake gari dogo la kusukumwa na magurudumu ya mbele, zima, la bei nafuu, ambalo likinunuliwa dola mia kadhaa zitabaki za matairi manne ya baridi. Watu wengi watamwambia achukue fowili kwanza, matairi yatakuja baadaye. Mimi nasema achukue dogo. Kwenye mtaa uliofagiwa theluji na kwenye barabara kuu litampeleka kazini, na watoto wakiwa nyuma nalo litasimama. Kama anaishi juu ya kilima, au shambani ambako tingatinga la kusukuma theluji hupita saa sita mchana, hapo shauri ni jingine, na fowili ina haki yake. Lakini hata huko, pamoja na matairi.

Atanunua betri pia. Baridi ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, betri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, nayo oili imeganda kama uji uliolala. Kwenye miji ya Winnipeg na Edmonton utayaona magari yameegeshwa usiku yakiwa na waya wa umeme unaotoka puani. Ni kipasha joto cha injini, si gari la umeme. Akikuta waya huo katika gari analotaka kununua, ni jambo la kushukuru.

Yako mawili ambayo muuzaji hatamwambia. Asubuhi ya theluji nyingi, kabla ya kuwasha injini ili gari lipate joto, ni lazima aondoe theluji iliyoziba bomba la moshi. Mnamo Januari 2016, katika mji wa Passaic jimbo la New Jersey, mama na watoto wake walikaa garini wapate joto huku baba akiondoa theluji nje. Bomba lilikuwa limezibwa. Moshi wenye sumu usioonekana wala kunuka uliingia ndani, na baba aliporudi mlangoni hakukuta aliowaacha.

La pili ni lile koti nene la mtoto, lililojaa hewa kama mto wa kitanda. Mkanda ukifungwa juu yake huonekana umebana, lakini gari likigonga koti hubonyea na mtoto huchomoka. Mtoto avuliwe koti, afungwe mkanda ukiwa karibu na mwili, kisha afunikwe koti lile lile kwa juu kama blanketi. Atalia kidogo kwa baridi hadi gari lipate joto.