Barua ya Wazi kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu: Vijito Navyo Vipigwe Picha

Mto Morogoro hushuka kutoka Milima ya Uluguru, hupita mjini Morogoro na kuingia Mto Ngerengere, ambao nao humwaga maji yake katika Ruvu. Ruvu ndio chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Ulipopungua mwishoni mwa 2022 na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji, gumzo lilikuwa la Ruvu peke yake. Lakini mto mkubwa hupungua kwa sababu vijito vinavyoulisha vimepungua, na kijito ambacho wakati wa kiangazi mtu hukivuka kwa kukanyaga mawe, viatu vikavu, hakina anayekiwekea kumbukumbu.

Theluji ya Kilimanjaro imebahatika zaidi. Kwa kuwa ilichorwa kwenye ramani mwaka 1912 na kupigwa picha mara nyingi baadaye, wataalamu waliweza kuonyesha kwamba kufikia 2007 takriban asilimia 85 ya eneo la barafu hiyo ilikuwa imetoweka. Kijito hakina ushahidi wa namna hiyo, ingawa mabadiliko ya tabianchi yanakigusa kwa karibu zaidi. Joto la hewa likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvua inayotokana nao inaweza kuanguka kwa kishindo, maji yakakimbia juu ya ardhi badala ya kuzama na kulisha chemchemi za kiangazi.

Kamera ya simu inatosha kuanzia. Linalohitajika ni nidhamu: kusimama mahali palepale, kuelekeza lenzi upande uleule, na kuingiza kwenye picha kitu kisichohama, kama nguzo ya daraja au jabali. Nguzo ikipigwa mistari ya rangi kila sentimita 10, picha inageuka kuwa kipimo cha kina. Asubuhi hufaa kuliko adhuhuri, kwa sababu mng'ao wa jua la utosini huficha mstari wa maji. Picha ihifadhiwe kama ilivyotoka kwenye kamera. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupoteza taarifa za tarehe na mahali ilipopigwa, na bila hizo inabaki kuwa pambo tu. Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, kina mradi uitwao CrowdWater unaowawezesha raia kuripoti kina cha mito kwa picha za simu, hivyo njia yenyewe si ya kubahatisha.

Wapiga picha wengi hupenda kijito cha masika, na huacha lenzi wazi kwa muda ili maji yaonekane laini kama hariri. Picha hizo hupendeza ukutani. Kwa Bodi, yenye thamani ni ile ya Septemba, kabla ya vuli, inayoonyesha mchanga mtupu, dimbwi lililobaki chini ya mwamba na mpira wa pampu uliotumbukizwa humo.

Mpira huo haufai kupuuzwa. Kijito kinaweza kukauka kwa mvua kuchelewa, kwa misitu kufyekwa, au kwa bustani za mboga kuvuta maji huko juu, na picha pekee haiwezi kutenganisha sababu hizo. Kuitupia tabianchi lawama za ukame wa kila kijito ni kuwapa nafuu wanaochota bila kibali. Picha zikisomwa pamoja na takwimu za mvua na orodha ya vibali, hapo ndipo chanzo cha tatizo huanza kuonekana. Picha hizo huonyesha pia mashamba yaliyoingia ndani ya mita 60 za ukingo, eneo linalolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua Jumuiya za Watumia Maji. Wanachama wake huishi kando ya vijito na wengi wana simu. Bodi inaombwa iweke alama za kudumu za kupigia picha katika Mto Morogoro na vijito vingine vya Uluguru, izikabidhi jumuiya hizo kazi ya kupiga picha kila mwezi, na itunze picha hizo mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuziona. Kazi ianze kiangazi kijacho, kabla ya mvua za vuli.