Kilicho Chetu na Tulichokabidhiwa



Liko swali linalorudi katika vikao vyetu, viwe vya ukumbi wa parokia au vya chini ya mti: je, mtu aliyejifunga kwa ahadi mbele ya Mungu na wenzake aweza kuketi meza moja na wale anaowapinga, akapokea nusu ya alichodai, na bado akahesabiwa mwaminifu? Wako kati yetu waonao kila maafikiano kuwa usaliti. Wako pia walio wepesi mno kuafikiana, hata mtu hujiuliza walikuwa wamesimama wapi tangu mwanzo. Sisi hatuungani na upande wowote kati ya hizo mbili, na sababu zetu twazitoa katika mambo ambayo nchi hii imeyaona kwa macho yake.

Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walimwendea Mwanasheria Mkuu kudai wana wao, kisha wakaketi Uhuru Park kungoja huku wamefunga kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo, na askari walijua laana hiyo ina maana gani. Baadaye walihamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakakaa katika chumba cha chini ya kanisa karibu mwaka mzima, hadi wafungwa karibu wote walipoachiliwa mwanzoni mwa 1993. Waliiacha bustani. Waliacha na kufunga, maana hakuna afungaye mwaka mzima akaishi. Mahali na njia vilikuwa vyao, nao waliweza kuvibadilisha. Dai la wana waliokuwa gerezani hawakuligusa.

Mwaka huohuo wanasiasa wa upinzani walifanya kinyume. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake nafasi ya kugombea urais. FORD ilipasuka, na mwezi wa Desemba Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, wapinzani wake wakigawana zilizobaki. Kila mmoja wao alidai kwamba alikuwa anatetea kanuni. Twasema kwa masikitiko kwamba alikuwa anatetea kiti, na kiti kilikuwa kitu chake, angeweza kukitoa. (Nasi wafuasi tuliwapigia makofi, hilo nalo tulikiri.)

Ndipo ukaja mwaka 1997, ambao hadi leo twaugombania. Mnamo Aprili, mkutano wa Limuru ulidai mageuzi ya katiba kabla ya uchaguzi. Tarehe 7 Julai polisi waliingia katika Kanisa Kuu hilohilo wakawapiga waumini, Mchungaji Timothy Njoya akiwa miongoni mwa waliojeruhiwa. Na katika siku hiyo ya maandamano watu walipoteza maisha. Miezi miwili baadaye wabunge wa KANU na wa upinzani waliketi pamoja katika kundi lililoitwa IPPG, wakaafikiana.

Hatutawatukana waliokubali. Walileta vitu halisi. Mkutano wa hadhara haukuhitaji tena leseni, bali taarifa kwa polisi. Machifu walipunguziwa mamlaka. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi iliondolewa. Aliyewahi kutawanywa katika mkutano wa maombi kwa kukosa kibali anajua thamani ya hayo. Lakini dai lililowatoa watu barabarani lilikuwa kwamba wananchi wenyewe waandike katiba yao, na hilo liliahirishwa na watu ambao si wao peke yao walioliweka mezani. Waliomwaga damu hawakuulizwa. Katiba mpya ilipatikana Agosti 2010, miaka kumi na mitatu baadaye.

Tena kuna jambo lisilosemwa vya kutosha. IPPG ilikubaliana kwamba upinzani upendekeze baadhi ya makamishna wa tume ya uchaguzi, lakini makubaliano hayo hayakuwekwa katika sheria. Yalibaki neno la waungwana. Mwaka 2007 Rais Kibaki, aliyekuwa upande wa upinzani mwaka 1997, aliteua makamishna bila kuwauliza wapinzani wake. Tume ikaingia katika uchaguzi bila kuaminiwa, na ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa hiyo pekee. Twasema kwamba walioridhika na neno la mdomo waliweka rehani kitu ambacho hakikuwa chao.

Kwa kipimo hichohicho twatazama ya karibuni. Mnamo Juni 2024 vijana waliuawa katika maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha. Julai baadhi ya vigogo wa upinzani wakateuliwa kuwa mawaziri. Yaweza kuwa walitafuta utulivu. Lakini ni nani aliyewapa ruhusa wazazi wa marehemu wakiwa bado hawajajibiwa? Novemba mwaka huohuo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliamuru pesa zilizotolewa na Rais William Ruto katika parokia moja zirudishwe. Tunajua uzito wa uamuzi huo kwa waumini wanaosali chini ya paa linalovuja. Hata hivyo raha ya paa jipya ni yao, nao waweza kuingoja. Sauti ya kanisa wamekabidhiwa kwa niaba ya maskini ambao hawakuwapo pesa zilipohesabiwa.

Basi kwa vikundi vyetu vinavyoalikwa kwenye mazungumzo na wakuu wa serikali au wabunge, tunaomba hivi: kabla ya kwenda, andikeni mambo ambayo wajumbe wenu hawana ruhusa ya kuyatoa, na kila mjumbe atie sahihi. Karatasi hiyo ibaki kwa waliowatuma, na isomwe kwa sauti siku wajumbe watakaporudi, kabla hawajaanza kueleza walichopata.