Nani Anawalipa Waluguru Hongo ya Njia?

Serikali imekusudia kujenga barabara ya kasi ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze, na hatimaye Morogoro, kwa ubia na sekta binafsi. Mjadala ninaousikia ni wa madereva na wawekezaji: tozo itakuwa kiasi gani, mtaji utarudi baada ya miaka mingapi, foleni itapungua kwa saa ngapi. Mhusika mmoja hatajwi. Naye ni yule anayeishi kandoni mwa njia.

Hoja yangu ni hii: kabla senti ya kwanza ya tozo hiyo haijakusanywa, sheria itenge fungu maalumu kwa halmashauri ambazo njia inazikata, na kwa upande wa Morogoro fungu hilo lianzie katika barabara za Milima ya Uluguru. Siombi hisani. Nadai deni, na deni hilo ni kongwe kuliko Jamhuri yetu.

Turudi nyuma kidogo. Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita chini ya milima hii. Hapo Kisabengo alijenga mji wenye ngome, na baada yake mji huo ukatawaliwa na binti yake, Simbamwene. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikuta mji ulioimarishwa na mtawala aliyedai hongo. Kijana wa leo akilisikia neno hilo anafikiria bahasha ya chini ya meza. Enzi hizo maana yake ilikuwa nyingine: hongo ilikuwa ada ya wazi ambayo msafara ulimlipa mwenye nchi kwa kupita katika ardhi yake, kunywa maji yake na kununua chakula kwa watu wake. Wasafiri wa Kizungu walilalamika sana juu ya hongo, lakini wengi waliilipa. Sisemi kwamba watawala wale walikuwa watakatifu. Misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu na ilibeba pia watumwa. Nasema tu kwamba walielewa jambo ambalo sisi tumelisahau: njia ina thamani, na sehemu ya thamani hiyo ni ya wale inaowapitia.

Ukoloni ulikomesha utaratibu huo. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo mwenye kutoza alikuwa dola, na mapato yakaenda kwenye hazina ya dola. Mluguru alibaki na nafasi mbili: kuwa kibarua wa reli, au kutazama mabehewa yakipita.

Kisha ikaja barabara ambayo leo tunaiita ya Iringa, na ambayo wazazi wetu waliijua kwa jina la Tanzam. Historia yake ni ya heshima na sitaki mtu anisome vibaya katika hili. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao haramu. Zambia, iliyotegemea njia za kusini kusafirisha shaba yake na kuingiza mafuta yake, ilijikuta imekabwa shingo. Tanzania iliitika. Malori yalianza kupita katika barabara ya udongo yenye kona, vumbi na tope, na vifo vya madereva vikaipa sifa mbaya duniani kote. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita zipatazo 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi. Barabara ikajengwa upya kwa lami kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na Sweden, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lori liliweza kutoka bandarini hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, likiwa juu ya lami. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China, ikafuata na kukabidhiwa mwaka 1976.

Tulifanya hayo kwa ajili ya jirani, na tungefanya tena. Morogoro yenyewe ilitoa zaidi ya njia: chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa hapa mwaka 1969, na baadaye wapigania uhuru hao wakapewa ardhi Mazimbu na Dakawa. Lakini kafara ya ukombozi ina muda wake. Rhodesia haipo tangu mwaka 1980. Shaba inayopita leo haikimbii vikwazo vya Ian Smith, inakwenda sokoni. Malori hayo ni biashara, na katika biashara kila mwenye mchango hudai sehemu yake. Bandari inalipwa. Wenye malori wanalipwa. Hazina inalipwa. Mwekezaji wa barabara ya kasi naye atalipwa. Mwanakijiji wa Mikese, Mzumbe, Doma na Mikumi analipwa nini?

Analipwa vifo, kwanza. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mlangoni mwa mji wetu. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, wengi wao vijana. Yalifuata maneno mengi ya kuwalaumu marehemu: tamaa, wizi, ujinga. Sitetei kuchota mafuta ya ajali. Lakini msomi anapaswa kuuliza swali la pili: kwa nini utajiri wa mataifa manne au matano unapita kila siku mbele ya kijana wa bodaboda, na siku pekee ambayo utajiri huo unamfikia ni siku ambayo umemwagika barabarani? Barabara iliyounganishwa na maisha ya watu wake isingekuwa na umati wa namna ile ukingoni.

Hata wakubwa haikuwaacha. Aprili 12, 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki katika ajali ya gari maeneo ya Dakawa, kwenye barabara itokayo Dodoma, akielekea Dar es Salaam. Chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa mwaka huohuo chini ya Uluguru kinabeba jina lake. Tumejenga kumbukumbu nzuri. Uwezo wa kuwaokoa majeruhi kandoni mwa njia haujakua kwa kasi ya wingi wa malori.

Sasa tuinue macho kutoka kwenye lami tutazame mlimani. Uluguru inapanda hadi zaidi ya mita 2,600. Chukua ramani uone ilivyozungukwa. Kaskazini kuna Reli ya Kati, reli mpya ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na barabara kuu. Magharibi ni barabara hiyohiyo ikishuka kuelekea Mikumi. Kusini ni TAZARA, inayopita Kisaki. Huenda hakuna milima mingine nchini iliyozingirwa na njia kubwa kiasi hiki. Lakini ukitaka kupanda Mgeta, au kwenda Matombo hadi Kisaki kwa upande wa mashariki, ahadi ya lami umeisikia kampeni baada ya kampeni, na masika yanapoingia unakutana na tope lilelile ambalo babu yako alikutana nalo.

Mkulima wa Nyandira anazalisha kabichi, karoti, njegere na viazi. Mwanamke wa Kinole anateremsha ndizi na viungo. Mzigo unaanza safari kichwani, unahamia kwenye pikipiki, kisha kwenye lori bovu lenye dereva jasiri. Barabara ikikatika, dalali ndiye anayepanga bei, kwa sababu anajua kabichi haiwezi kusubiri. Mjamzito aliyepata uchungu usiku naye hawezi kusubiri. Kutoka baadhi ya vitongoji mtu anaziona taa za malori ya Zambia na Kongo zikipita bondeni, wakati yeye hana gari la kumfikisha zahanati. Kupitiwa si kufikiwa, na maendeleo ya Morogoro kwa zaidi ya karne moja yamekuwa ya kupitiwa.

Dola haijashindwa kufika mlimani kwa sababu ya mwinuko. Inapotaka kitu, inafika. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipanda na mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu wa Matombo waligoma waziwazi, polisi wakatumwa, na mpango ukaishia kuachwa. Leo tunapanda kulinda msitu, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Tunafanya vyema kuulinda, kwani vijito vya Uluguru ndivyo vinavyoulisha Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Mkulima anaambiwa asilime kando ya kijito, asikate mti, asichome. Anatii ili bomba la Kariakoo lisikauke. Basi amtunzie nani barabara anayemtunzia mwenzake maji?

Wapo watakaosema kwamba barabara kuu imelinufaisha eneo hili: imeleta soko, stendi ya Msamvu, nyumba za wageni, wauza nyanya na vitunguu. Ni kweli, wala sibezi riziki ya mtu. Lakini manufaa hayo yanaishia pale vumbi la lori linapoishia. Mwenye duka kandoni mwa lami ananufaika. Mwenye shamba kilomita 30 juu yake anauza kwa bei ya kutupa.

Wapo pia watakaosema kwamba barabara ni ya taifa, na kudai fungu la mahali ni kufufua ukabila. Hoja hii ingekuwa na uzito kama taifa lisingekwishakubali kanuni ninayoieleza. Halmashauri za Geita hupokea ushuru wa huduma kutokana na mgodi wa dhahabu, na hakuna anayesema Geita imejitenga na Jamhuri. Tumekubali kwamba dhahabu ikichimbwa mahali, mahali hapo pabakiwe na kitu. Ardhi ya Morogoro haina mgodi wa namna hiyo. Mgodi wake ni mahali ilipo. Kila lori linalopita linachimba thamani ya mahali hapo, na linaacha moshi, mashimo, na makaburi.

Wa tatu watasema tuna TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na kwamba wananchi wote huchangia Mfuko wa Barabara kila wanaponunua mafuta. Sawasawa. Lakini wakala huo unasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000, mara kadhaa ya ule wa TANROADS, ilhali kwa miaka mingi mgawo mkubwa wa Mfuko ulikwenda kwa TANROADS. Mwenye barabara nyingi alipewa fungu dogo. Hapo ndipo utakapoona kwamba mfumo wetu wa fedha bado unafikiri kama msafara: unahesabu kilichofika pwani, hauhesabu kilichoozea mlimani.

Ninachopendekeza kinatekelezeka. Kwanza, sheria au mkataba wa barabara ya kulipia uwe na kifungu kinachotaja asilimia ya tozo itakayokwenda moja kwa moja kwa halmashauri za kandoni, na asilimia hiyo ijulikane kwa umma kabla ya saini. Pili, fedha hizo ziwe na matumizi yaliyofungwa: barabara za kupandisha milimani, huduma za dharura kwa majeruhi na zimamoto. Tatu, mapato na matumizi yabandikwe katika kila ofisi ya kata, ili hongo ya njia isije ikageuka hongo ya maana ya pili. Nne, mizigo mizito na mafuta yahamishiwe kwa makusudi kwenye reli na bomba. Njia hizo tunazo. Tumeziacha zifanye kazi chini ya uwezo huku tukipanua lami kwa ajili ya malori.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma hapa: wewe ndiye utakayeandaa rasimu, na kifungu kisichokuwamo kwenye rasimu ni vigumu kukiingiza baadaye. Kwa mwanaharakati: usisubiri ajali ijayo ndipo uitishe kongamano, dai mkataba uwekwe wazi sasa. Kwa mwanafunzi wangu anayepita kila muhula kwenye barabara hii akiwa amelala dirishani mwa basi: ukifika Mikese amka, tazama mkono wa kushoto. Milima ile ina watu. Wanawapisha wasafiri tangu enzi za Simbamwene, na kwa zaidi ya miaka 100 sasa hawajalipwa.

Naomba kuwasilisha.